Siku Nilipomnyoa Mama

Nilimnyoa mama yangu kichwa mara moja tu maishani, na siku hiyo nilimwonea. Nasema mapema, ili asiyetaka kukaa na mtu wa namna yangu anyanyuke sasa hivi. Habari hii nimewahi kuisimulia kanisani. Watu walilia, wakanishika mikono, wakasema Mungu ni mwema. Lakini pale nilisimulia nusu, ile nusu inayomwacha msimuliaji akiwa mtu mwema aliyeteleza. Hapa naisema yote.

Tulikaa kijiji kimoja cha Chiola, wilaya ya Nachingwea, katikati ya mikorosho aliyoipanda babu baada ya kuvuka kutoka Msumbiji. Majirani zetu wengi walikuwa Waislamu, watu wa pale tangu zamani, na sisi Wakristo tulikuwa wachache tuliojua kila mmoja kaamkaje. Kanisa lilikuwa la udongo na bati. Kengele yake ilikuwa rimu ya lori iliyobaki tangu Wazungu walime karanga wakashindwa, na aliyeigonga kila Jumapili ni mama. Yeye pia ndiye aliyefua kitambaa cha meza ya Bwana na kukinyoosha kwa pasi ya mkaa, na hakuruhusu mkono mwingine ukiguse.

Mama alikuwa mjane na hakuwa mtu wa kuchekacheka. Akikuta watoto wanaiba mabibo yake alikuwa anawaambia yatawatokea puani. Majirani walipoacha mikorosho yao ikaliwa na ule ukungu wa ubwiri unga, yeye alikuwa ameshapuliza salfa mapema, peke yake, kitambaa puani, kwa hiyo yake ilizaa. Mwanamke mjane, mkali, mwenye mikorosho inayozaa wakati ya wenzake imekauka maua: hapo kijiji hakihitaji kufikiri sana.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike. Nilikuwa nafundisha darasa la kipaimara. Kila Jumamosi niliwasimamisha watoto wa watu mbele yangu na kuwakaririsha kwamba Mkristo hamwogopi mchawi wala mganga wala jini. Walikariri vizuri. Mimi mwenyewe usiku nilikuwa sitoki nje bila kumwamsha mume wangu.

Zikaja mvua za El Nino. Wenye umri wangu wanazikumbuka. Mbu walijaa, barabara zikakatika, na degedege likaingia kwenye nyumba zetu moja baada ya nyingine. Watoto watatu wa jirani walikufa kabla ya Pasaka. Wa nne alikuwa wangu. Alianza kukakamaa asubuhi, tukaondoka kwa miguu kumpeleka Nachingwea mjini, mimi, mama na mume wangu. Nilimbeba mpaka nguvu zikaniishia, mama akaniambia nimpe yeye. Akamfunga mgongoni kwa kanga yake. Tulipofika mtoni maji yalikuwa yamejaa hayavukiki, na tulipomshusha tumpe maji ya kunywa, mtoto alikuwa ameshakufa. Alikufa mgongoni mwa bibi yake, na mama hakujua ni saa ngapi.

Baada ya hapo mzee mmoja mnyoaji aliletwa kutoka upande wa Ruangwa. Wanyoaji wa namna hii kwetu ni watu wanaojulikana. Kijiji kikizidiwa na vifo, huitwa, hupiga kambi, na watu wazima wote hupanga foleni wanyolewe upara na kupakwa dawa kichwani. Asiye mchawi hapatwi na kitu. Aliye mchawi uchawi wake humtoka, na akiurudia hufa. Nywele zinabaki kwa mnyoaji kama dhamana. Hapigwi mtu, hachomewi mtu nyumba, na ndiyo maana wengi waliuona ni utaratibu wa heshima. Shida ilikuwa moja tu: anayekataa ameshajibu.

Padre alikuwa anakuja kutoka mjini mara moja kwa mwezi kwa pikipiki. Alitangaza kwamba Mkristo atakayekwenda kunyolewa atafungiwa meza ya Bwana mpaka atubu. Tukaitikia amina. Wiki hiyohiyo Wakristo walikuwa kwenye foleni na Waislamu, wameshika kofia zao mkononi, na nilimwona katekista wetu akijificha nyuma ya mtu mrefu. Mimi sikwenda, kwa kuwa nilikuwa ndani, nimefiwa. Mama hakwenda kwa kuwa hakutaka. Alisema kichwa chake kilimwagiwa maji ya ubatizo na hayo yanamtosha.

Kaka yake mama, mjomba wangu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Kwetu mjomba akisema, baba mzazi hukaa kimya, na mimi baba sikuwa naye. Mjomba naye alikuwa Mkristo, mwimba besi kwenye kwaya, na upara wake mpya ulikuwa unang'aa. Siku mbili kabla ya kuanua matanga ya mwanangu alinikuta jikoni. Akanipa kifurushi cha gome lililosagwa, kimefungwa kwa karatasi ya daftari. Alieleza kwa upole sana. Siku ya matanga wafiwa hunyolewa, na hiyo ni desturi isiyo na kosa lolote hata kwa padre. Mama atakubali kunyolewa kwa ajili ya mjukuu wake. Mimi mwanawe ndiye nitakayemnyoa, nitie unga huu kwenye maji, nywele atazizoa yeye mjomba na kuzipeleka panapohusika. Kijiji kitatulia, mama hatasumbuliwa, na yeye mwenyewe hatajua kitu.

Nilimwambia kwamba mama atanichukia akijua. Mjomba akauliza swali moja tu.

"Mwanao amefia mgongoni mwa nani?"

Nikakipokea kifurushi.

Siku ya matanga tulikaa nyuma ya nyumba, mama kwenye mkeka, mimi nyuma yake na wembe mpya na beseni la maji. Wanawake wengine walikuwa wanatwanga mtama karibu. Mama alivua kitambaa chake na kuinamisha kichwa. Aliniambia nipite taratibu upande wa kushoto, ana kovu la utotoni. Nilipomwagia maji akanusa, akauliza yana nini. Nikamjibu ni mwarobaini, kwa ajili ya michubuko. Akasema nimefanya vizuri. Hakuniangalia hata mara moja, alikuwa analia kimyakimya kwa ajili ya mtoto, na mabega yake yalikuwa yanatikisika nikawa naogopa kumkata. Nilimaliza kichwa chote bila kumkata. Mjomba akaja akazoa nywele zote kwenye ungo, akisema anakwenda kuzizika. Kisha mama akaninyoa mimi, kwa maji safi aliyoyachota mwenyewe mtungini.

Ijumaa iliyofuata kijiji kizima kilijua kwamba mama amenyolewa na nywele ziko kwa mnyoaji. Mjomba hakuona haja ya kuficha, maana siri isingemtuliza mtu. Watu walianza kumsalimia mama vizuri, wakampelekea hata mboga. Yeye alidhani ni kwa sababu ya msiba.

Padre alipokuja alikuwa na orodha. Aliisoma kabla ya misa, jina baada ya jina, na kila aliyetajwa alihamia mabenchi ya nyuma. Jina la mama lilikuwa la mwisho. Mama akasimama palepale alipokuwa, karibu na kengele yake, akasema yeye amenyolewa na mwanawe kwa msiba wa mjukuu wake, na mwanawe yupo, aulizwe. Padre akanigeukia. Kanisa zima likanigeukia, na watoto wangu wa kipaimara walikuwa benchi la mbele kabisa.

Nikasema, "Nilimnyoa mimi, kwa msiba. Mengine siyajui."

Mjomba akasimama kule nyuma na kusema kwa masikitiko kwamba dada yake alikubali, ila sasa anaona haya. Padre alikuwa kijana na alikuwa amechoka na sisi. Akamwambia mama ahamie nyuma na wenzake, na siku atakayotubu atarudishwa. Mama aliniangalia. Nilikuwa nimeinama, natafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo.

Sasa sikilizeni jinsi haki ilivyokwenda. Wale waliopanga foleni kwa hiari yao walitubu ndani ya miezi mitatu. Walipiga magoti kwa mafungu, wakapewa mkono, wakarudi mezani, na mjomba akarudi kwenye besi yake. Mama alikataa kutubu kosa asilolifanya. Kila mwezi padre alimuuliza, na kila mwezi mama alijibu kwamba hawezi kumdanganya Mungu ili ampendeze padre. Kwa hiyo alikaa benchi la nyuma peke yake, miaka sita. Kengele akapewa mtu mwingine. Kitambaa cha meza nilipewa mimi, mpaka tulipohama. Nilikuwa nakifua na kukinyoosha kwa pasi yake, aliyonipa mwenyewe, na akanionyesha namna ya kukunja pindo lisifanye mstari.

Mimi komunyo nilikuwa naipokea. Hilo nalo liandikwe.

Mwaka mmoja baada ya matanga mume wangu alisikia habari za dhahabu ya Namungo, tukahamia Ruangwa. Yeye alikuwa anashuka mashimoni, mimi nauza chai na mihogo ya kuchemsha kwa wachimbaji. Huko nilimpata binti yangu wa pili. Kila msimu wa korosho nilimpeleka kwa bibi yake, wiki moja au mbili, na hapakuwa na siku hata moja niliyomwacha naye peke yake. Mama akisema niende shambani, yeye atabaki na mtoto, nilisema mtoto ana kifua. Akitaka kumfunga mgongoni, nilisema mtoto amezoea kutembea. Nilikuwa na jibu kila mara, tena nilitabasamu.

Ruangwa kulikuwa na kanisa dogo, na nikapewa tena darasa la kipaimara, maana sura yangu ni ya mtu anayefaa. Lakini huko nilianza kusali kwa kweli kwa mara ya kwanza, kwa sababu ya mashimo. Kila asubuhi mume wangu alikuwa anaingia chini ya ardhi kwa kamba, na kila asubuhi nilikuwa nabaki juu na sufuria langu nikiomba maneno mawili tu: mrudishe leo. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kuogopa na bado akakoroga chai. Hofu haikuondoka, niliizoea, na nikawa sijifichi tena ndani nikisikia kelele. Nadhani ndiyo imani niliyokuwa nayo, haikuwa kubwa. Siku shimo lilipoporomoka, wenzake wawili walikufa, yeye akavutwa akiwa hai, amejaa udongo mpaka kwenye meno. Jioni tulipokutana kushukuru, kila mtu alishukuru kwa sauti. Zamu yangu ilipofika nilifungua mdomo nikaona siwezi. Niliona aibu kumshukuru Mungu kwa kunirudishia mtu wangu, na mimi nilikuwa nimemwibia mtu wake, mama yangu.

Binti yangu alipofika miaka mitano tulikwenda Chiola kwa Pasaka. Watu walipotoka kwenda mezani, alimwona bibi yake amebaki nyuma peke yake. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida, ile ya mtoto isiyojua kunong'ona, bibi alimfanya nini Mungu.

Mabenchi matatu yalisikia. Mama pia alisikia.

Baada ya komunyo, kabla padre hajatoa baraka, nilisimama. Nilishika benchi la mbele yangu kwa mikono miwili. Nikasema kwamba mama hakunyolewa na mnyoaji wala hakukubali. Nikasema mjomba alinipa dawa, niliogopa wazee, niliogopa kijiji, nikatia kwenye maji ya msiba na kumdanganya kuwa ni mwarobaini, kisha nikamkana mbele ya madhabahu. Mjomba alitoka nje na hakurudi. Watu walianza kulia. Padre, ambaye sasa alikuwa ameanza kuota mvi, alishuka akapiga magoti mbele ya mama na kumwomba msamaha kwa niaba ya kanisa. Mimi alinipa adhabu ya mwaka mzima nyuma, kwenye benchi lilelile, na nikaipokea nikijisikia mwepesi sana. Nilijisifu moyoni. Nilijiambia kwamba hatimaye nimekuwa Mkristo.

Mwezi uliofuata nilisafiri tena makusudi kumwona mama akirudi mezani. Wakati ulipofika katekista alimpisha njia, padre akamsubiri. Mama hakunyanyuka. Mwezi wa pili nao hakunyanyuka. Padre akaniomba nizungumze naye, labda ana uchungu na mimi.

Nilimkuta uani anapepeta mbaazi. Nikakaa chini, nikamwambia kila mtu anamsubiri. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Alisema mwaka ule aliponyolewa, hakufa tena mtoto mtaani kwetu. Watu walilisema hilo mbele yake, kwa kumshukuru. Kwa kuwa wanasema mtu anaweza kuwa nao uchawi bila kujua, ameuchukua tumboni kwa mama yake, alikaa miaka sita kwenye lile benchi akijiuliza kama kweli alikuwa nao, na kama mjukuu wake alikufa kwa joto la mgongo wake. Padre alipokuwa anamwambia atubu, alikuwa anakataa kwa mdomo, na moyoni alikuwa hana hakika.

Nilianza kulia. Akanikataza kwa mkono.

"Kanisani ulisema uliogopa wazee," akasema. "Mimi siulizi wazee. Wewe, mwanangu, uliamini?"

Hapo ndipo nilipoogopa. Kusimama kanisani kulikuwa kazi ndogo. Ningeweza kusema sikuamini, nililazimishwa, nilikuwa mdogo, na angelala vizuri usiku ule. Nilitaka sana kusema hivyo. Lakini mama yangu alikuwa amekaa miaka sita nyuma ya kanisa kwa sababu alikataa kusema uongo mmoja mdogo wa kumfaa, na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake magoti yetu yakigusana.

"Niliamini," nikasema. "Niliamini kwamba wewe ndiye uliyemla mwanangu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Pasaka hii."

Akatikisa kichwa taratibu, akihesabu. Akasema alidhani hivyo, kwa sababu ya kile kifua cha mtoto ambacho kilikuwa hakiponi. Akainuka, akamimina mbaazi kwenye gunia, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba. Halafu akasema atarudi mezani, kwa kuwa sasa angalau mtu mmoja amemwambia ukweli, na kwamba amenisamehe, kwa sababu ameamriwa. Alilisema neno hilo hivyohivyo, ameamriwa. Kisha akaongeza:

"Lakini nikifa, usinioshe wewe. Kichwa changu usikiguse tena."

Nilidhani ni hasira ya siku ile. Alirudi mezani kweli, akarudishiwa kengele yake, akamfunga binti yangu mgongoni siku ya kwanza niliyomwachia ingawa alikuwa mkubwa mno, na tukaishi vizuri miaka minne. Alinipikia, nilimpikia. Nilipokuwa napita nyuma yake akiwa ameketi, aligeuza kiti.

Alikufa wakati wa kuvuna ufuta, kwa ugonjwa wa siku chache. Nilifika kutoka Ruangwa akiwa bado kitandani kwake, amefunikwa. Wanawake wa kanisa na majirani Waislamu walikuwa wamejaa ndani, maji yameshachemka, na waliponiona walinipisha njia mpaka kichwani, maana mtoto wa kike wa marehemu ndiye anayeanza. Mmoja akaninyooshea kitambaa.

Nikasema siwezi. Wakadhani ni uchungu, wakanishika mabega, wakaniambia jikaze, ni mama yako, ni mara ya mwisho. Kama ningelia tu wangenielewa na kunitoa nje kwa huruma, na ningekuwa mfiwa kama wafiwa wengine.

Nikawaambia kwamba mama alinikataza nisimguse, na nikawaambia ni kwa nini. Niliwaambia nusu ya kwanza, ambayo wengine walikuwa wanaijua, na nikawaambia ya pili, lile jibu nililompa mama uani. Hakuna aliyenishika mkono. Yule aliyeninyooshea kitambaa alikirudisha kifuani kwake, akampa jirani. Nikatoka nje nikakaa barazani na wageni waliotoka mbali, na mlango ukafungwa.